Upande wa Chini wa Mshono

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nakujua, barua huisomea popote, hata mlangoni huku sufuria inaungua jikoni. Vipi kichwa chako, kimetulia? Vipi mama na magoti yake? Wanao hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza tu nitapata pa kujificha.

Barua yako niliipata Jumamosi iliyopita. Umeniambia kwamba Jumamosi hii wazee wa pande zote mbili watakaa kwa mama kuzungumzia talaka yako, na kwamba unanitaka nisimame mbele yao niseme nilichokiona kule karakana, ili shemeji asipate pa kutokea. Umeandika kwamba shahidi wako ni mimi, na damu ni nzito kuliko maji. Niliisoma nimekaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, ovaroli nusu mwilini nusu kiunoni, mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Hujawahi kuingia karakana yetu, dada. Yote unayoyajua umeyasikia kwangu. Niruhusu nikueleze kazi yenyewe kidogo. Sikuzungushi, bila hayo hutanielewa.

Sisi tunatengeneza matangi ya mafuta ya malori. Mabamba ya alumini tunayotumia ni membamba, ukiliinua moja linayumba kama shuka iliyoanikwa. Ukilichomelea kwa moto wa kawaida litatoboka au litajikunja. Kwa hiyo mashine yetu haina mwali wala cheche. Ina ncha ya chuma kigumu, fupi kuliko ukucha wako, inayozunguka kwa kasi. Mabamba mawili yanalazwa ubavu kwa ubavu juu ya meza ya chuma, yanabanwa yasisogee, kisha ncha ile inashushwa pale yanapokutana. Kule kusuguana kunaleta joto. Alumini inalegea bila kuyeyuka, inakorogeka kama unga unaokandwa, na ncha ikisonga mbele inaacha mshono nyuma yake. Ukipoa, mabamba mawili yamekuwa moja.

Urefu wa ncha ndio kila kitu. Ikiwa fupi kuliko inavyotakiwa, hata kwa unene wa karatasi mbili tatu, juu patashikana na kung'aa, lakini chini patakuwa pamegusana tu. Kwa macho huoni. Ndiyo maana kila tunapobadilisha ncha ni lazima tukate kipande cha mshono wa kwanza tukikunje kinyumenyume. Kama hapakuungana, kinafunguka kama mdomo.

Aliyenifundisha hayo ni shemeji. Pale kazini walimwita Pima Kwanza, kwa sababu hakuna aliyepita kwenye mashine yake bila kuyasikia maneno hayo mawili. Walipokataa kunipa kazi wakisema mikono yangu ni ya kushika ufagio, yeye ndiye aliyeniombea kwa mkuu wa karakana, akasema nikishindwa wamfukuze yeye. Alikuwa akinitania mbele ya watu kwamba alioa mmoja akakabidhiwa wawili, tena huyu wa pili anakula kuliko wa kwanza. Nilicheka miaka mitatu na utani huo. Siku hizi hakuna anayenitania.

Habari za lile lori unazijua, ila nitazirudia, kwa sababu dereva wake tulizoea kumtaja kwa haraka kama vile ni sehemu ya gari. Tangi lilifunguka kwenye mteremko, mshono ulipasuka kuanzia kona hadi kona, mafuta yakamwagikia bomba la moshi lenye moto. Dereva aliruka, lakini suruali yake ilikuwa imeshawaka. Miezi minne baadaye alikuja karakana kwa magongo mawili. Hakuja kugombana. Alitaka tu kumwona fundi aliyelitengeneza tangi lile. Wakamwambia fundi huyo alishafukuzwa. Mimi ndiye niliyemletea kiti. Akanishukuru, akasema nimelelewa vizuri.

Jumapili nilikwenda kumwona shemeji. Usikunje uso, dada, endelea kusoma. Karakana zenye mashine zote zilishazipata habari zake, na hakuna iliyomfungulia lango. Yuko kwenye mtaa wa wagonga mabati, amekaa juu ya debe lililopinduliwa, anakunja ndoo na mabomba ya moshi kwa nyundo, tangu asubuhi hadi masikio yanaziba. Fundi aliyekuwa akipima unene wa unywele! Nywele zake za pembeni zimekuwa nyeupe. Alinifutia stuli kwa kanga kuukuu, nami nikaitambua ile kanga, ni yako. Kabla hajaniuliza kilichonipeleka, aliniuliza kama kifua cha mwanawe mdogo bado kinabana asubuhi.

Sasa nitakueleza nilichokwenda kumwambia.

Unaikumbuka siku mwanao alipozidiwa na homa, ukampigia simu mumeo ukilia kwamba mtoto hapumui vizuri, aje upesi mumpeleke hospitali? Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa ameshatia sahihi fomu ya matangi ya siku ile, maana fomu hutiwa sahihi asubuhi kabla mashine haijawashwa. Akaniita, akaniambia nishike mashine mpaka arudi, niunge mifuniko tu, matangi nisiyaguse. Akaniambia mara mbili. Akaondoka anakimbia, hata miwani ya kazi hakuivua.

Alipotoka tu, msimamizi akaja. Huyu tunamwita Saa Mbovu, kwa jinsi anavyoitazama saa yake kila dakika kana kwamba imemdanganya. Akauliza matangi yako wapi. Nikamwambia fundi katoka. Akasema yeye hakuuliza fundi, kauliza matangi, na kama mashine inanishinda niseme tu, wa kuishika wapo wengi. Dada, kiburi kilinipanda. Nilitaka waone kwamba sikuletwa pale kwa huruma ya shemeji. Nikaanza matangi.

Kwenye tangi la kwanza ncha ikavunjika. Nikafungua droo nikachukua nyingine. Sikupima. Ilikuwa ncha ya mabamba membamba zaidi, niliijua baadaye kwa rangi ya alama yake. Nikaunga. Mshono ulitoka unang'aa, umenyooka kama mstari wa rula, na Saa Mbovu akapita akatingisha kichwa kwa kuridhika. Nikakata kipande kama nilivyofundishwa, nikakikunja kinyumenyume.

Kikafunguka.

Nilikishika mkononi nikakitazama. Dada, sikuwa mjinga, nilijua ninachokitazama. Kuvunja nilichounga kungechukua mchana kutwa, na Saa Mbovu angejua, na wote wangejua. Nikakitupa kile kipande kwenye pipa la machakavu, nikachukua kingine, cha mshono aliounga shemeji asubuhi, nikakikunja, hakikufunguka, nikakiweka kwenye sahani ya ukaguzi. Nikaunga matangi matatu kwa ncha ile. Shemeji aliporudi saa nane, mtoto akiwa ameshapata dawa, aliona matangi yameungwa akakasirika, akaniuliza kama nilibadilisha ncha na kama nilipima. Nikamwambia ncha ni ileile, na nimepima. Akaniamini. Alikuwa amechoka, na mimi ni mdogo wa mkewe.

Moja ya matangi yale ndilo lililompasukia yule dereva. Mengine mawili yalirudishwa, yakakutwa hivyohivyo.

Walipotuita mbele ya kamati ya uchunguzi, shemeji alieleza kila kitu kama kilivyokuwa: mtoto, hospitali, mimi. Wakanigeukia. Nikasema niliunga mifuniko tu, matangi yote aliyaunga mwenyewe kabla hajatoka. Nikalia. Machozi yalikuwa ya kweli, dada, ila yalikuwa machozi ya hofu, na wao wakayachukua kuwa ya mtu aliyesingiziwa. Fomu ilikuwa na sahihi yake. Wiki haikwisha, yeye akawa nje na mimi nikakabidhiwa mashine.

Jioni ile ulinipigia. Ulisema mumeo anadai ni mimi, ukanitaka nikuapie. Nikaapa kwa kaburi la baba. Mama akachukua simu akasema mkwe ni mkwe tu, akizama atamshika hata mtoto wa mwenzie azame naye. Kesho yake ukafunga virago ukawachukua watoto. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile, na siku iliyofuata, na kila siku kwa mwaka mzima na miezi miwili. Nilinyamaza, nikapokea pongezi zako za kupandishwa cheo, nikakutumia picha yangu nimesimama kando ya mashine.

Hayo ndiyo niliyomwambia shemeji. Hakushangaa, maana alikuwa anayajua. Aliendelea kugonga ukingo wa ndoo mpaka nikamaliza, kisha akaweka nyundo chini. Akasema ya kwenye mashine amenisamehe, kila fundi huharibu. Ya kwenye kamati pia, nilikuwa mtoto mwenye hofu. Maneno aliyoyasema baada ya hapo nakuandikia kama alivyoyatamka: "Dada yako nilimwambia mara moja, nikiwa nimemtazama machoni. Akageukia ukuta. Hakuniuliza swali hata moja. Nimekaa naye miaka kumi na moja, shemeji, akaniona mwongo kwa dakika moja. Hilo si lako la kuniomba radhi."

Nilimwuliza kama sasa hamtarudiana, wewe ukishaujua ukweli. Akasema Jumamosi atakuja, atakaa, na talaka unayoitaka atakupa bila ubishi. Jambo analoliomba ni moja tu, kwamba kabla hajatamka lolote, wazee wausikie ukweli.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa karakana nikamweleza yote, nikampa na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Alisoma mistari michache, akainuka akafunga mlango, akanirudishia karatasi kwa vidole viwili. Akasema faili lile lilishafungwa, kila mtu aliyepaswa kuridhika ameridhika, na kama napenda kazi yangu nisije nikarudia maneno hayo. Kumbe ukweli nao wana mahali pa kuutupa. Nikavua ovaroli, nikaikunja juu ya meza yake, nikatoka. Kesho nakwenda kwa dereva. Nimeelekezwa nyumba yake. Sijui atanifanya nini, na lolote atakalonifanya sitasema ananionea.

Kwa hiyo, dada, Jumamosi sitakuja kuwa shahidi wako. Siku hiyo nitaketi upande wa shemeji, kama atanikubalia. Sikuombi unisamehe, sina uso wa kuomba. Nakuomba uisome barua hii kwa sauti mbele ya wazee, kuanzia shikamoo hadi jina langu. Ukifika pale nilipoapa kwa kaburi la baba, usiruke kwa sababu mama amekaa karibu. Msomee hata hapo.

Nisalimie mama, kama bado atataka salamu zangu. Nisalimie majirani walionipongeza. Na watoto usiwape salamu zangu kwanza. Waite, wakalishe chini, uwaambie kwamba baba yao hakusema uongo. Zangu zitafuata, ukiona zinafaa.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,

Kitinda