Nani Atalala Nyumba ya Uani

Jumapili, baridi kali. Upepo wa mwezi wa saba umeamka kabla ya watu, na vumbi la mtaa wetu wa Milanzi limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji. Asubuhi nilirudi kutoka misani na sijui padri alihubiri nini. Nilikuwa nawaza ukuta.

Ukuta wenyewe uko uani kwangu, nyuma ya jiko, pale nilipokuwa napanda maboga. Umeshapita madirisha.

Tangu Sumbawanga ifanywe makao ya mkoa, watu wameingiwa na wazimu wa kujenga. Maofisa wanaletwa kutoka huku na huko, hawana pa kulala, na kila mwenye uwanja anachomeka kijumba nyuma ya nyumba yake. Jirani yangu mwenye duka, yule ambaye lori lake hushuka Kasanga ziwani kufuata dagaa, amejenga viwili, na sasa uani kwake hapana hata pa kuanika nguo. Kwa hiyo mwanangu Desderi aliponiambia naye anataka kuongeza kijumba, sikushtuka. Nilimuuliza tu ni cha nani.

"Cha wageni, mama," akasema.

Wageni gani? Ndugu zetu wa Mollo wakija hulala kwenye mikeka sebuleni, na asubuhi huondoka wakishukuru.

Halafu akapita balozi wa nyumba kumi. Akasimama karibu na msingi, akauliza kama tunajenga nyumba ya kupangisha, maana siku hizi mwenye wapangaji anaitwa mnyonyaji, tena Desderi ni karani wa ofisi ya mkoa, anatazamwa. Desderi akajibu upesi: "Hapana, balozi. Ni ya familia."

Kwangu ni ya wageni, kwa balozi ni ya familia. Sikusahau.

Tangu siku hiyo nimekuwa naangalia kila kitu. Mkamwana wangu Oresta ameanza kunihurumia. Ananipokonya ndoo. Ananiletea uji wa ulezi wenye maziwa nikiwa bado kitandani, ananiambia, "Pumzika, mama, umefanya kazi sana." Mtu anayekuambia umefanya kazi sana anataka uache kuifanya. Juzi nilimkuta ameinama anaosha miguu ya kitanda changu, eti mchwa. Mchwa! Nilimwona alivyokuwa anakipima kwa macho.

Jana ndipo nilipochomwa.

Nilimpelekea fundi Sabas maji ya kunywa. Ni kijana mpole, alinipa shikamoo vizuri, akanywa, akafuta mdomo. Kisha akauliza, bila hila yoyote: "Mama, mlango wako uwe na kizingiti, au pawe tambarare usije ukajikwaa?"

Mlango wako.

Nilimwambia sijui, amuulize mwenye nyumba. Akacheka, akadhani natania.

Nikaingia ndani, nikakaa kitandani. Nyumba hii kubwa niliijenga na marehemu mume wangu. Yeye alifyatua matofali, mimi nilikanyaga udongo nikiwa na mimba ya huyo huyo Desderi. Tuliyachoma wenyewe, tukalala nje kuyalinda. Leo nipelekwe nyuma ya jiko, kwenye shamba langu la maboga, kama kuku anayeatamia!

Nilipanga kukaa kimya mpaka wenyewe waseme. Nimeshindwa. Leo mchana, tumezunguka ugali na maharage, nikauliza tu:

"Desderi, mimi nahama lini?"

Akarudisha tonge sahanini. Halafu akaanza kile Kiswahili cha ofisini. "Mama, suala hilo bado liko kwenye mipango. Tulikuwa tunaangalia uwezekano..." Nyumbani kwetu tunasema Kifipa. Desderi akinigeukia na "suala" na "uwezekano", najua ana jambo.

Lakini aliyenishangaza ni Oresta. Aliweka bakuli chini.

"Anahama nani?" akamuuliza mumewe.

Desderi akavuta bakuli la maji, akanawa.

"Si uliniambia ni yetu? Mimi na wewe na watoto?" Sauti ilikuwa inapanda. "Mama, kijumba niliomba mimi. Niliomba sisi tutoke, tukuachie nyumba yako. Tangu niolewe sijawahi kupika ninachotaka mimi. Chumvi ni yako, chungu ni chako, hata kuni unanichagulia wewe. Sikusema kwa sababu unanipenda, na ni kweli unanipenda. Lakini nataka jiko."

Sikujua nitazame wapi. Ni kweli kuni namchagulia. Hajui kuni.

Nikamgeukia mwanangu. "Basi Sabas kaambiwa na nani kwamba mlango ni wangu?"

Ikabidi aseme. Kwamba yeye sasa ni mtu wa ofisi ya mkoa. Kwamba maofisa wakimtembelea, atawapokeaje kwenye kijumba cha uani, na nyumba kubwa anakaa mama peke yake? Watu watamwonaje?

"Nyumba kubwa ya nani?" nikamuuliza.

Baadaye alisema Kifipa, taratibu, kama alivyokuwa akisema zamani akivunja kibuyu: nimsamehe. Nikamwambia nimesikia. Kusamehe nitaangalia.

Nikatoa neno langu. Kijumba ni cha Oresta. Mimi sitoki. Na Desderi atalala anapolala mkewe, wageni wake wa ofisini atawakaribisha kwangu, wakinipa shikamoo kwanza.

Oresta alilia. Alasiri nilichukua mafiga matatu kwa mikono yangu, nikampangia nyuma ya ule ukuta usio na paa, nikamkinga upepo kwa bati bovu mpaka moto ukashika. Akachomoa sufuria mpya kutoka chini ya kitanda chao, na mwiko mpya. Kumbe alishajiandaa kitambo. Nilitoka nikamwacha.

Jioni akaniletea sahani imefunikwa. Ugali wa ulezi, na dagaa aliowakaanga mpaka wakakauka kabisa. Mimi dagaa huwa nawachemsha. Nilisema nitaonja tu. Nilimaliza, na sikumwambia kitu.

Sasa nimekaa sebuleni peke yangu, na moyo hautulii.

Desderi nimeshamwelewa. Aibu yake ilikuwa juu juu, kama mapovu ya togwa. Oresta ndiye simwelewi. Alilia machozi ya kweli, nakubali. Lakini ule uji wa maziwa ulikuwa wa nini? Kama alikuwa anahama yeye, kwa nini anipumzishe mimi? Labda alikuwa anaaga. Labda alikuwa ananizoesha kukaa bila kazi, ili siku akiondoka na watoto nisiwe na nguvu ya kugomba.

Maana wajukuu wote wako kule uani, kwenye moto wa mama yao. Nawasikia wanacheka na kugombania ukoko. Yule mdogo, ambaye hajawahi kula pasipo kuegemea goti langu, amepita mlangoni mbio na hakugeuka.

Nimebaki na vyumba vyangu vyote.

Nani ametolewa leo, Oresta au mimi? Na nani alibeba mafiga?

Kesho nitaamka mapema, niweke jikoni chungu kikubwa, kile cha sikukuu, nipike maharage yangu ya kuchemsha polepole. Sitamwita mtu. Nitakaa mlangoni nione nani atakuja na sahani.