Baba Alisema Anakwenda Kwetu

Nyuma ya Banda la Viatu,
Mtaa wa Geti.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hali yako huko ugenini? Mgongo umeacha kukusumbua? Watoto nao, wanakula vizuri? Sisi tunapumua. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya.

Mjomba, Baba kafungiwa nje. Najua nimeanza kwa pupa, ngoja nikueleze.

Shangazi alifariki, kule upande wa pili wa geti la mpaka. Ukikaa bandani kwetu unaliona paa lake, na nguo alizoanika bado zipo kambani. Baba akachukua mfuko wake wa nyundo na sindano za viatu, maana unamjua, hata msibani haendi bila huo mfuko. Askari wa upande wetu, kijana aliyeletwa juzijuzi tu, akamwuliza anakwenda wapi. Baba akajibu kama siku zote: "Nakwenda kwetu." Yaani kwa wazazi wake, alikozaliwa. Hata mbuzi wa mtaa huu angemwelewa. Yule kijana akautazama mfuko wa kazi, akamgongea mhuri wa kuhama.

Baada ya mazishi Baba anarudi, wakamzuia. "Mzee, si ulisema kwenu ni kule? Huku unamfuata nani?" Akadhani utani, akacheka. Wakamgeuza bado anacheka.

Kule nako hawamtaki. Tangu serikali hizi zianze kununiana, mwenye kitambulisho cha huku ni jasusi, hata kama kazi yake ni kubandika soli. Anajificha nyumbani kwa marehemu, hatoki hata uani.

Ofisini nimekwenda mpaka wamenizoea. Sheria yao nimejisomea mwenyewe, nikawaonyesha na kifungu. Mkubwa wao akanisifu kwamba nimesoma vizuri, halafu akasema mhuri haufutiki.

Sasa dada yako naye kakata shauri: kesho asubuhi anavuka. Msibani bado wanaruhusu kwenda, ila kwa amri mpya anayevuka harudi. Nilimwambia, Mjomba, nilimwambia mpaka sauti ikakauka. Akanijibu taratibu tu: "Wewe una nguvu zako, mwanangu. Baba yako ana nani?"

Mzigo nimemfungia mimi mwenyewe: blanketi, dawa za presha, kandambili.

Anakusalimu sana. Nami nawasalimu watoto na mama yao. Mungu awafungulie kila mlango mtakaoubisha.

Ukija likizo, niambie mapema unakuja kwa Mama au kwangu. Kwa wote wawili haitawezekana.

Mpwa wako akupendaye sana,
Kiberiti