Bastola ya Mume Wangu, Iliyokutwa Mkobani Mwangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lila Mghoi Njenga
Umri: Miaka 24
Kazi: Mhudumu katika nyumba ya wazee
Makazi: Thornton Heath, London
Elimu: Kidato cha nne
Lugha: Kiswahili, kupitia kwa mkalimani Bi Marcelina Temu
Tarehe na saa: Jumapili, 15 Oktoba 2006, saa nne asubuhi

Mimi ni mzaliwa wa Voi, Kenya. Nilifika London mwezi wa Februari mwaka huu kufanya kazi ya kuhudumia wazee. Mwezi wa Aprili, kanisani, nilimfahamu Harrison Njenga, mwenye umri wa miaka 31. Konstebo ameniomba nieleze mambo yanayohusu bastola peke yake, lakini sijui kuyatenga na mengine. Kila nilipotoka zamu, Harrison alikuwa akinisubiri kituo cha basi na chupa ya chai. Mvua ikinyesha, mwavuli wote ulikuwa wangu na yeye alilowa. Hakuna mtu aliyewahi kulowa kwa ajili yangu. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 2 Septemba 2006, na naomba iandikwe kwamba siku hiyo sikuwa na shaka hata moja.

Bastola niliiona mara ya kwanza mwezi wa Agosti, nyumbani kwake. Ni nyeusi, na ilikuwa ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa kwenye mkanda wake. Nilimuuliza ni ya nini. Akacheka, akasema, "Lila, ulitaka askari kanzu atembee na kijiko?" Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mchumba wangu ni askari kanzu. Sikumwomba kitambulisho. Kwetu, mtu mwenye bastola kiunoni mchana kweupe, tena hana wasiwasi, ni askari. Jambazi huificha. Polisi wa hapa nilikuwa nawaona barabarani wakiwa na rungu, redio na pingu tu, lakini nilidhani hao ni wa vyeo vya chini, bado hawajapewa.

Kwenye basi alifunga koti mpaka shingoni. Alilifungua tukiwa miongoni mwa watu wetu. Nilidhani ndizo kanuni za kazi. Siku ya harusi, wakati wa kukata keki, alilifungua ukumbini. Baadhi ya wageni walipiga makofi, wengine walidhani ni ya kuchezea. Nilimtumia mama picha, naye akanipigia simu akilia kwa furaha, kwamba sasa nina wa kunilinda nchi za watu.

Mnamo Jumapili tarehe 8 Oktoba, jioni, tulikuwa kwenye duka la Bwana Chandrakant, Thornton Heath. Bwana Chandrakant ni mzaliwa wa Kisumu na anauza unga wa ugali, viungo na kadi za simu. Wezi walikuwa wamevamia duka lake mara mbili majira ya joto. Tangu Harrison aanze kusimama mlangoni siku zake za mapumziko, hawakurudi. Siku hiyo alikuwapo pia Mumbi, binamu yake Harrison, ambaye ni muuguzi.

Mumbi alimwambia, "Harrison, funga hilo koti. Tunanunua unga, hatuendi vitani."

"Wacha ionekane, dada," Bwana Chandrakant alisema. "Ile kamera pale juu ni boksi tupu, nimeweka ya kutisha tu. Wezi wameshaijua. Hii ya Harrison wanaiogopa."

"Mimi nafanya kazi chumba cha majeruhi, mzee. Mwenye kisu akiingia hapa ataanza na nani? Wewe na mizani yako, au huyu aliyening'iniza kitu cha kuibiwa? Na yule atakayeiona leo, kesho atakwenda kutafuta yake."

Harrison akajibu, "Ikifichwa ni ya mwizi. Ikionekana ni ya serikali."

"Serikali gani hiyo inakutuma kulinda unga?"

Bwana Chandrakant alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilikasirika. Nilimwambia Mumbi, "Wifi, sema tu una wivu. Mume wako anatembea na nini?"

"Anatembea na tiketi ya basi," akasema, "na kila jioni anarudi nyumbani."

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Oktoba, saa tisa alasiri, nilikuwa dukani humo na Harrison, tukichagua mchele. Bwana Chandrakant alikuwa kwenye kaunta. Koti la Harrison lilikuwa wazi. Wakaingia vijana wawili waliofunika nyuso, mmoja akiwa na kisu kirefu. Hawakwenda kwenye kaunta. Mwenye kisu alimwendea Harrison moja kwa moja, akaelekeza kidole kiunoni kwake, akasema kwa Kiingereza alete hiyo.

Nilimgeukia mume wangu. Nasema kweli, sikuogopa. Nilikuwa nasubiri kuona kazi yake. Harrison hakuigusa bastola. Alinishika mabega kwa nyuma, akaniweka mbele yake. Ncha ya kisu ilikuwa karibu na kifua changu. Nilijiambia kwamba labda ndivyo wanavyofundishwa.

Aliyenisaidia ni Bwana Chandrakant. Alimrushia yule kijana pakiti ya unga usoni, ikapasuka, akazunguka kaunta na kumshika mkono wenye kisu. Alikatwa mkono wa kushoto, akarudi nyuma ya kaunta, akabonyeza kengele ya hatari kabla ya kuanguka na kuzimia. Wale wawili wakakimbia bila kuchukua kitu.

Nilimfuata mzee nyuma ya kaunta, nikavua kitambaa changu cha kichwa nikamfunga jeraha. Nikiwa bado nimepiga magoti, Harrison aliinama kando yangu, akafungua mkoba wangu uliokuwa begani, akatia bastola pamoja na mfuko wake wa ngozi. Alisema, "Niwekee kidogo, mpenzi." Akanibusu kwenye paji la uso. Sikuuliza. Naona aibu kusema hili, lakini nilifurahi. Nilidhani ananiamini.

Polisi wenye bunduki ndefu walifika, wakatuamuru tulale chini. Niliwapigia kelele, "Msimpige! Ni mwenzenu, ni askari kanzu!" Mmoja akamuuliza Harrison kama ni kweli. Kiingereza changu kinatosha kuelewa alichojibu. Alisema hapana, yeye ni mlinzi wa duka la viatu huko Stratford. Akaulizwa kama kuna silaha humu ndani. Akasema, "Ipo, ni ya mke wangu. Nimemwambia mara nyingi aitupe. Angalieni mkoba wake."

Tulikuwa tumelala sakafuni, uso kwa uso, unga umetujaa. Nilimwita jina lake. Alifumba macho.

Tulikamatwa sote wawili, nami nikalala hapa kituoni. Nilielezwa kwamba bastola hiyo ni ya kweli, ina risasi ndani, na kwamba anayepatikana nayo katika nchi hii anaweza kufungwa miaka mitano. Asubuhi ya leo niliachiliwa, baada ya Bwana Chandrakant kueleza akiwa hospitali kwamba amekuwa akiiona kiunoni kwa Harrison tangu majira ya joto. Niliambiwa kwamba maneno ya Harrison hayajabadilika, na kwamba yaliyotokea pale nyuma ya kaunta tunayajua mimi na yeye tu, kwa sababu mzee alikuwa amezimia.

Nilipotoka mahabusu, kabla ya kuja kutoa maelezo haya, Mumbi alikuwa kwenye benchi la mapokezi. Harrison alikuwa amempigia simu kutoka mahabusu. Mumbi alinishika mikono, akasema, "Wifi, ameniambia nikuombe ukubali ni yako. Anasema wewe ni mgeni, watakurudisha Kenya tu, lakini yeye watamfunga. Nimeyaleta kwa sababu ni damu yangu. Sasa nakuomba mimi: usiyabebe."

Nimeyafikiria maneno ya dukani. Mumbi alisema kweli, bastola ile iliyoonekana ndiyo iliyowaita wale vijana. Bwana Chandrakant naye hakukosea yote, maana kwa muda iliwazuia. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Kitu ambacho mtu amekivaa mbele ya ukumbi mzima hawezi baadaye kumvisha mwenzake.

Konstebo amenieleza kwamba mke halazimishwi na mahakama kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, na kwamba naweza kuishia hapa. Niliomba maji, nikanywa. Sijalazimishwa. Bado nampenda, na hilo nalo naomba liandikwe. Bastola ni ya Harrison. Aliitia mkobani mwangu kwa mkono wake. Nitasimama mahakamani niseme hivyo, naye awe ananitazama.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Nimesomewa kwa Kiswahili, na nimekubali kwamba ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: L. M. Njenga
Sahihi ya mkalimani: M. Temu

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa nami, Konstebo Parminder Sandhu, na kumalizika saa saba kasoro robo mchana. Shahidi alikuwa mtulivu. Baada ya kutia sahihi nilimuuliza jina la ndugu wa karibu wa kupigiwa simu iwapo atapatwa na jambo. Alitaja Harrison Njenga. Nilisubiri. Kisha akataja Mumbi.