Chini ya Kigoda Changu

Kwako baba,

Nina swali moja tu, nalo limenikaa kifuani tangu zile mvua za Elnino za mwaka 2023. Lakini wewe hukupenda mtu aulize kabla hajaeleza alikotoka, kwa hiyo acha nianzie Tarasaa, siku ile ulipokuja darasani kwangu na shati lako la kanisani.

Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu wa sanaa, nimetumwa kufanya mazoezi ya kufundisha. Mwalimu wangu wa chuo alisafiri kutoka Nairobi kuja kunipa alama, akanibebea kompyuta ndogo na ile miwani mizito inayofunika uso. Ukiivaa, unaona sanamu mbele yako na unaizunguka, ilhali haipo. Mwenye mashine ya posho alikubali kusimamisha kusaga kwa saa nzima ili jenereta yake itupe umeme. Watoto wakaona sanamu za nchi za mbali, halafu nikawaonyesha kitu cha kwao: kigoda ulichonichongea nilipoingia chuo. Nilikipiga picha pande zote, nikakipima, nikakijenga upya ndani ya kompyuta kwa miezi miwili. Nilijivuna, sikufichi.

Nikakuvika miwani, kigoda kikakutokea juu ya dawati. Hukutazama miguu yake wala zile nakshi za pembeni nilizohangaika nazo. Papo hapo ulipiga magoti, ukaingiza kichwa chini ya dawati, makalio juu, na watoto wakaangua kicheko.

"Mama," ukaniita, kama ulivyoniita tangu utoto, "hiki hakina chini."

Ilikuwa kweli. Nilikipiga picha kikiwa juu ya meza, sikukipindua hata mara moja. Mimi, mtoto wa mchongaji wa Idsowe! Wateja wako wote mpaka Garsen walijua kwamba kigoda hukaguliwa chini kwanza, maana mchongaji mvivu huuficha uvivu wake huko. Huko ndiko ulikoweka alama yako, samaki mdogo. Nilikuwa nimewaona samaki wako wengi mno, nikadhani na changu kina samaki. Sikuona haja ya kutazama.

Mwalimu wangu akaandika kitu kwenye karatasi yake. Uso ukaniwaka, nikakujibu kwa sauti ninayoisikia hadi leo: "Baba, chini hakuna anayetazama."

Ulivua miwani taratibu, ukaifuta kwa pindo la shati, ukanirudishia.

"Vya watu naweka samaki," ukasema. "Chako sikuweka samaki."

"Uliweka nini?"

"Si kiko nyumbani? Kigeuze mwenyewe."

Ni kweli, nilikuwa nimekiacha Idsowe likizoni kwa sababu mzigo ulikuwa mwingi. Jumamosi ile ningeweza kuja, si mbali. Nikajifanya nina madaftari ya kusahihisha, kumbe nilikuwa nimenuna tu. Wiki iliyofuata nikarudi Nairobi. Ndipo mvua zikaja. Mto ukachukua nyumba, tezo zako za kuchongea, mtumbwi uliokuwa hujaumaliza, na kigoda changu. Barabara ikakatika. Mkahamia mahali pa juu, homa ikakukuta hukohuko, na mimi nilipofika ulikuwa umeshazikwa. Nilimuuliza mama ulikuwa umechonga nini. Akasema kila alipokaribia ulikifunika kwa gunia, ukamtuma maji.

Sasa mimi ni mwalimu hapahapa Tarasaa. Muhula huu chuo kimenikopesha tena ile kompyuta na miwani yake, na kigoda chako kimo ndani, kikavu kabisa. Watoto waliuliza kwa nini kina shimo chini. Niliwaeleza yote, hata lile jibu langu la utovu wa adabu. Siku hizi hawagusi kompyuta kabla hawajaleta vigoda na vinu vya kwao, wakavipindua na kuvipapasa kwa vidole. Juzi msichana mmoja alileta kigoda cha bibi yake, na samaki wako yumo, magamba yake yote yapo. Nililia mbele ya darasa, wala sikuona haya.

Wakaniomba nimweke samaki huyo ndani ya kompyuta ili kigoda changu kikamilike. Nikakataa, maana hilo moja nalijua, ulichochonga hakikuwa samaki. Basi kila mmoja akachora anachodhani. Wamechora kiboko wa mtoni, jembe, jina langu, mkono wa mtoto. Nimezibandika picha zao ukutani, na kila asubuhi nazipitia moja moja. Siku nyingine naamini ni mkono. Siku nyingine nasema baba hakuwa mtu wa kuchonga mikono, huenda ni kiboko, ulivyopenda kuniita kiboko kwa usingizi wangu. Nakuona kabisa ukicheka peke yako chini ya gunia lile.

Nikivaa miwani sasa, sizunguki tena. Napiga magoti, naingiza kichwa chini ya dawati, natazama pale pasipo na kitu. Watoto hawacheki. Wanasubiri niwaambie nimeona nini.

Pumzika, baba. Ulinichongea nini?

Ni mimi, binti yako niliyechelewa kukigeuza.