Njano, Mpaka Mkono Unapofika

Sake, Ijumaa. Mvua ilianza kabla sijaamka na mpaka sasa haijachoka. Niliyechoka ni mimi.

Nina rangi kwenye nywele, kwenye kucha, hata kwenye kioo cha simu. Ninyi mnaopita kwenye ukurasa huu kuangalia vitenge na mishono yangu mnisamehe, leo sina mshono. Nina vyumba viwili vya mbao, ndoo moja ya rangi, na mchumba ambaye sijui kama yuko hai.

Haya, nimeshaandika. Siku tatu nilikuwa nazunguka tu.

Mchumba wangu anaitwa Janvier. Anachimba madini Omate, kule Walikale. Ng'ombe wake wa mahari walishafika kwa baba, kijijini Bihambwe, na hivi vyumba tulivipanga pamoja, ndiyo nyumba yetu ya kwanza. Mimi nilitangulia kuingia, yeye alikuwa aje kwa harusi. Kule machimboni hakuna mtandao. Kila Jumapili mchana anapanda kilima, anasimama mahali anapopajua mwenyewe, ananipigia.

Jumapili ya kabla ya hii iliyopita tuligombana. Si kwa ajili ya pesa wala mwanamke. Kwa ajili ya rangi ya ukuta.

Yeye alitaka njano, mimi nilitaka kahawia. Vumbi la Sake ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano, linaingia hata ukifunga dirisha, na anayeshika kitambaa ni mimi. Nilimweleza hivyo. Akasema, "Huku minashinda mu giza na torchi ku kichwa. Nikirudia, minataka nione mwangaza." Nikacheka. Nilicheka kweli, kile kicheko changu ambacho mama husema kitaniponza. Kisha nikamwambia:

"Weye haukae humu. Sasa unachagula rangi ya nini?"

Akasema: "Sawa. Upake yenye unapenda." Akakata.

Sasa ungamo lenyewe. Jumapili iliyofuata, hii iliyopita, nilizima simu. Niliizima kwa makusudi, kuanzia saa sita mpaka saa nane, ili akipiga anikose, ajue kwamba na mimi nina hasira. Nilikaa kitandani naitazama, najiona mwanamke wa maana. Nilipoiwasha hapakuwa na kitu, lakini mtandao wa hapa haukuambii nani alikutafuta ulipokuwa umeizima. Kwa hiyo sijui kama alipanda kilima. Sijui kama alisimama pale kwenye matope, akimsikiliza yule mama wa kwenye simu akimwambia kwa Kifaransa kwamba sipatikani.

Jumanne akanipigia kijana aitwaye Safari, anayechimba na Janvier. Sauti ilikuwa inakatikakatika. "Dada, shimo moja imeanguka. Haiko yetu, nafikiri. Janvier alikuwa..."

Basi. Simu ikakatika hapo.

Tangu saa ile nimepiga namba zao zote mbili mpaka kidole kinauma. Barabara imefungwa, pikipiki hazipiti, na wachache wanaofika kwa miguu kila mmoja ana habari yake. Mmoja anasema waliofukiwa ni wawili, mwingine anasema hakufa mtu, wa tatu hajasikia hata kwamba kuna shimo lililoanguka. Nimewauliza wote, nimewachosha.

Leo asubuhi mama alipiga kutoka Bihambwe. Alijua rangi nilikuwa nimepanga kuipaka wiki hii. "Mutoto wangu, usipake kwanza. Ngojea tujue." Anamaanisha mema, lakini nilikasirika. Nisipopaka, nimeshasema harudi. Nitakaa mwezi mzima kati ya hizi mbao tupu nikisema harudi, kila nikifungua macho. Nilimwambia sawa mama, halafu nikachukua mwavuli nikatoka.

Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, ana duka la misumari, mabati na rangi karibu na njia panda. Alikuwa ameniambia ndoo nyeupe imebaki moja tu, na kwa barabara hizi hajui nyingine itafika lini. Kwake rangi haiji tayari. Anafungua ndoo nyeupe, anakamulia ndani tyubu ndogo ya rangi, anakoroga na kijiti, anachovya kidole, anakifuta kwenye fremu ya mlango. Ukikubali, unabeba. Anapima kwa jicho, kwa hiyo rangi uliyoipata leo hutaipata tena, na nyumba nzima lazima itoke kwenye ndoo moja. Fremu ile imejaa alama za vidole vyake, nusu ya nyumba za Sake ziko pale.

Akaweka tyubu mbili mezani. "Njano ao kahawia?"

Mimi ambaye nachagua rangi za nyuzi kutwa nzima nilishindwa kuchagua. Nililia mbele ya misumari. Mama Kavira hakunibembeleza, alinisogezea kiti tu. "Ulie kwanza. Rangi haina haraka. Lakini nikishakoroga, haigeuke tena."

Nikichagua kahawia, nimemtukana mara ya pili. Nikichagua njano, je, namchagulia mtu anayerudi? Wafu ndio tunaowapa kila walichotaka. Mtu aliye hai na afya yake tunabishana naye. Nilipojikuta nawaza hivyo, nilitaka kujichapa kofi.

Nikasema njano. Moyoni nikaongeza: na akirudi, vumbi atafuta yeye, kila Jumamosi, kwa mkono wake, na mimi nitakaa nikimwonyesha alipobakiza.

Nilianza saa sita. Sitadanganya, ni njano mbaya. Ni kali kama bidoni ya mafuta ya kula. Nilipaka chumba cha kwanza, nikapaka cha pili, nikinyoosha mkono na kusimama kwa vidole vya miguu, maana mimi ni mfupi, na Janvier hachoki kunikumbusha. Mkono ulipoishia, nikasimama hapo.

Saa tisa Mama Kavira akaja mwenyewe na ngazi begani, amelowa. "Panda umalize. Rangi iko mingi."

"Hapana, Mama. Kule juu ni kwa Janvier. Yeye iko murefu."

Aliniangalia. Aliangalia ukuta. Nilidhani ataniambia maneno ya kanisani. Aliinua ngazi yake, na mlangoni akageuka. "Ufunge ndoo muzuri. Na uikoroge kila asubuhi, kama hapana itakauka."

"Itashika siku ngapi bila kukauka?"

"Wiki mbili." Akafikiri. "Tatu, kama hausahau."

Ameondoka. Nimekaa chini, mgongo kwenye mlango kwa sababu kuta bado mbichi. Chini ni njano, juu ni mbao tupu, na mpaka wake unapanda na kushuka kama pindo la fundi mwanafunzi. Naogopa. Sina mtu wa kumwambia isipokuwa ninyi nisiowajua. Kama ningeweza kurudisha Jumapili moja tu, ningerudisha saa mbili zile, hata kama angepiga kunitukana.

Simu iko mapajani, imewashwa, betri imejaa. Jumapili ni keshokutwa.

Ndoo nimeifunika kwa plastiki na kuifunga kwa uzi wa kushonea, mizunguko saba. Kesho asubuhi nitaifungua, nitakoroga, nitaifunga tena.