Simu Arobaini na Moja Chini ya Kitanda Changu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule karudi kutoka semina na homa mpya. Safari hii ni usingizi. Mwaka jana ilikuwa kunawa mikono. Mtaalamu kawaambia kwamba binti wa miaka kumi na sita anahitaji masaa manane mpaka kumi ya usingizi, kwamba mwanga wa simu unaufukuza, na mazoezi ya asubuhi yanaurudisha. Wamepanda ndege kwenda kuambiwa hilo! Mimi ni matroni wa bweni hili mwaka wa kumi na tisa. Ningewaambia kwa kikombe cha chai.

Katutangazia mbele ya shule nzima huku akichungulia simu yake kila dakika. Nyani haoni kundule.

Amri: kuanzia kesho simu zote nizikusanye saa tatu usiku. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, wasichana wote uwanjani, mizunguko minne.

Jumatano, 5 Machi

Arobaini na moja. Nimezitia kwenye beseni la kufulia, nikalisukuma chini ya kitanda changu. Mmoja kalia kama kafiwa. Mwingine kaniletea simu mbovu ya kaka yake, haina hata betri — eti ndiyo hiyo. Mimi nimezaliwa jana? Ya kweli nimeikuta ndani ya soksi.

Na huko uwanjani! Wanatembea kana kwamba wanasindikiza jeneza. Aliyekimbia ni yule binti tunayemwita Kiberiti, peke yake. Kadogo, kembamba, hakana maneno. Saa tatu na dakika tano kanakoroma. Simu yake ni ya kengele ya kumwamshia tu. Huyo hahitaji semina.

Alhamisi, 6 Machi

Sijalala! Beseni linatetemeka usiku kucha, na alfajiri kengele zote zinalia pamoja. Nimelifunika blanketi. Halikunyamaza.

Ile simu ya soksi haina namba ya siri. Nimeifungua. Kwa ajili ya ushahidi — mlezi lazima ajue watoto wanaangalia nini. Tamthilia. Mwanamke tajiri kaolewa na dereva wake, hajui kwamba dereva ni mdogo wa marehemu mumewe. Upuuzi mtupu. Nimeangalia vipindi viwili ili nijiridhishe.

Jumapili, 9 Machi

Vipindi sita. Yule dereva mwongo! Nimemwonya mwanamke kwa sauti, halafu nikakumbuka niko peke yangu chumbani.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu wa michezo kanikuta nimesinzia kwenye stoo ya mashuka, kauliza kama naumwa. Nikasema presha. Naye alivyo! Tumbo linamtangulia, mazoezi anafundisha akiwa kitini.

Lakini kaleta habari. Kiberiti kachaguliwa kwa mbio za Jumamosi, mita elfu tatu. Atakayeshinda anachukuliwa na shule ya wanariadha, anasomeshwa bure mpaka amalize. Mama yake hana ada ya mwaka ujao, hilo kila mtu analijua. Basi linalokusanya wanariadha wa shule zote litapita getini saa kumi na moja alfajiri. Halisubiri mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Kiberiti kaja kuomba simu yake, usiku huu tu, kwa ajili ya kengele. Nimemkatalia. Ukimpa mmoja, kesho wote arobaini watakuwa na mbio zao.

"Simu ya nini na mimi nipo?" nikamwambia. "Saa kumi kamili nitakuja kukuamsha mwenyewe."

Kashukuru, kaenda. Saa mbili na nusu nilimkuta kalala tayari, viatu kavipanga kando ya kitanda. Mimi sijawahi kuhitaji kengele maishani mwangu. Beseni nimelifungia kabatini, na mablanketi mawili juu, nipate utulivu. Nitalala mapema. Kipindi kimoja tu, maana leo dereva anaumbuka.

Jumamosi, 15 Machi

Niliamka jua liko dirishani. Saa moja kasorobo. Ile simu ya soksi, mali ya mtoto wa watu, iko kifuani kwangu, imekwisha chaji.

Mlinzi anasema basi lilipiga honi, naye akapuliza filimbi mpaka mashavu yakamwuma. Bweni la wasichana haruhusiwi kuingia. Basi likaondoka.

Kiberiti alikuwa bado amelala fofofo. Alipofumbua macho akauona mwanga, kisha akaniangalia. Mdomo ukanitangulia.

"Nimekuamsha mara tatu. Hukuamka."

Hakubisha. Angebisha tu!

Jumatatu, 17 Machi

Kikao ofisini kwa Mkuu. Kauliza, nikarudia: mara tatu. Karibu apige makofi! Eti huo ndio ushahidi, skrini zimewaharibia watoto usingizi. Atawaandikia wazazi wote barua, jina hatalitaja — kana kwamba kuna asiyejua ni nani. Kiberiti katolewa kwenye timu. Mwalimu wa michezo kainamisha kichwa. Mimi nikasikitika pamoja nao, mchawi msibani.

Najidharau. Humu daftarini nimewacheka wote, na hakuna hata mmoja aliyefanya nilichofanya mimi.

Jumatano, 19 Machi

Kiberiti yuko hapa chumbani kwangu. Alipobisha hodi nilidhani kaja kunisuta. Nikajiandaa kumfokea.

"Matroni, naomba unisamehe," kasema. "Umekuja mara tatu zote, na mimi nimekuaibisha."

Macho mekundu. Anasema tangu Jumamosi halali. Anakaa kitandani anasikiliza, anaogopa ataitwa tena na hatasikia. Anafikiri masikio yake yana ugonjwa. Mtu mzima atamwitaje mara tatu asisikie hata moja? Kaomba nimwandikie karatasi ya kwenda kwa muuguzi.

Nikamwonyesha kiti, nikavuta daftari hili, nikashika kalamu, maana sikuwa na pengine pa kuficha uso. Naona aibu mpaka masikio yananiwaka.

Amekaa hapo, mikono katikati ya magoti, anapiga miayo kwa kujificha. Nimeandika ukurasa mzima. Nimegeuza, naye kanyoosha mkono — anadhani karatasi yake iko tayari.