Hewa Si Mshahara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti linakuruhusu kufika shambani Kiriba. Je, mihogo imepona ugonjwa wa majani? Mimi huku Mirihi nakula, nalala, na mwili haujapungua kama ulivyoogopa.

Unajua kazi yangu ni kuangalia mitambo inayotutengenezea hewa. Tulipofika, sote tulikuwa wafanyakazi wa kampuni na kila mtu aliijua siku yake ya kurudi. Lakini watu wakikaa pamoja, Mama, wanaoana. Mwaka huu Rehema, mwenzangu wa kutoka Bunda, na mumewe Mbrazili, wote wakulima wa mboga humu ndani, walipata binti, mtoto wa kwanza kuzaliwa huku. Meneja akakataa kumwandikia mgao wa maji na hewa, eti hana mkataba. Wazazi wakawa wanamgawia wa kwao. Wiki ya pili wakulima wote wakaacha kazi.

Meneja akaniita ofisini, akaniagiza nipunguze hewa upande wanakolala wakulima mpaka watakaporudi kazini. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano tu nirudi, na nilitamani sana nyumbani. Nikamwambia, "Bwana, kwetu Mugango watu wanagombanaga mpaka wanapelekana kwa mwenyekiti, lakini hakuna anayemzuia mwenzake kuchota ziwani."

Akasema hapa si ziwani, nimwachie funguo za mitambo. Sikumwachia. Nikatoka nazo hadi ukumbi wa chakula, nikawaeleza watu wote nilichoagizwa.

Wengine wakataka tumfungie meneja stoo. Hilo nalo nikalikataa. Nikawaambia tukianza na yeye, kesho tutafungiana sisi kwa sisi. Tukakaa kikao cha kuunda baraza letu, tukabishana siku tatu. Waliotangulia kufika walitaka kura zao zihesabiwe mara mbili kwa kuwa wao ndio waliojenga. Rehema akasimama na mtoto mgongoni. "Sisi wote tumekuja," akasema. "Huyu hakutoka popote. Nani hapa ni mwenyeji kumshinda?"

Waliotangulia wakaliacha dai lao. Tukanyoosha mikono, tukapitisha sheria yetu ya kwanza: hewa na maji si mshahara wala si adhabu, na kila anayepumua hapa anahesabiwa.

Tukaiandikia kampuni. Jibu lilikuja kwamba mtoto apewe mgao, ila baraza letu hawalitambui. Hatukusubiri watutambue. Tunakutana kila Jumamosi, na meneja mwenyewe siku hizi anakuja, anakaa nyuma, anaomba nafasi ya kusema kama wengine. Bado tunabishana nani awe hakimu na watoto wafundishwe kwa lugha gani. Lakini tunabishana wenyewe, na siogopi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Wamenichagua kusimamia hewa kwa miaka minne, nami nimekubali. Chombo cha kurudi kitaondoka bila mimi. Kiwanja ulichoniwekea Kitaji mpe kaka Masatu ajenge, yeye ana watoto. Nililia siku nzima kabla ya kusema ndiyo. Wewe mwenyewe ulikuwaga unatuacha asubuhi kwenda vikao vya kamati ya maji, tukinuna kwamba uji umepoa. Nimekuelewa sasa.

Nisalimie kaka Masatu na shemeji, mjomba Mafuru anayeunda mitumbwi, shangazi Nyabweke aliyenilea nikisoma sekondari Musoma, na katekista wetu, mwambie tunasali. Bibi wa Butiama msomee polepole, kwa lugha ya nyumbani.

Wakikuuliza kanisani kwa nini sijarudi, usiseme nimezuiwa. Sema nimechaguliwa, nikakubali.

Naomba baraka zako.

Binti yako,
Nyangeta